Vioo Vinavyochelewa

Kwanza tuelewane kuhusu vioo, maana bila vioo utaniona mwongo mpaka mwisho.

Katika mji ule vioo vilichelewa. Havikuwa vibovu, vilikuwa vizito tu, kama mtoto aliyeitwa kuosha vyombo. Unasimama mbele ya kioo leo unachana nywele, kioo kinakuonyesha wewe wa juzi, mswaki mdomoni. Vile vidogo vya kuwekwa kwenye pochi vilichelewa siku mbili. Vya kabatini, mwaka na ushei. Kadiri kioo kilivyokuwa kikubwa ndivyo kilivyochelewa zaidi, na bwana mmoja aliyeagiza kioo cha ukuta mzima, ili ajione vizuri kuliko majirani, alikuta kimechelewa kuliko umri wake wote. Kikamwonyesha ukuta mtupu wa nyuma yake. Wiki nzima alizunguka mitaani akiwaaga watu.

Kwa hiyo aliyetaka kujua yukoje leo hakwenda kwenye kioo. Alikwenda kwa Mwinjuma.

Mwinjuma alikuwa mchoraji wa miaka hamsini na kitu, mwenye rangi kwenye kucha isiyotoka hata kwa mafuta ya taa, na banda lake lilibanwa kati ya mashine ya kusaga na meza ya Bi Siwema muuza vitumbua. Alichora kwa kuanza na sikio. Wengine huanza na macho, wengine na kichwa kizima kama yai. Yeye alianza na sikio kwa sababu, alisema, sikio halina majivuno. Watu watakugombeza juu ya pua, watakwambia shavu hili si langu, kidevu hiki ni cha shemeji, lakini hakuna mteja aliyewahi kusimama akadai kwamba sikio lake ni zuri kuliko hilo. Ukishalipata sikio, mtu amekwisha kuingia nyumbani. Yaliyobaki ni kumvutia kiti.

Na kwa nini mji mzima ulitaka kuchorwa? Kwa sababu ya Bonde.

Mji ulikaa ukingoni mwa Bonde, Bonde lilijaa ukungu, na ukungu ule ulikuwa na ulafi wake. Aliyevuka kwenda ng'ambo, ukungu ulimlia majina kwanza, halafu sura. Alifika upande wa pili salama, na mikono yake na njaa yake, ila hamjui aliyemwacha. Wachache walirudi. Kurudi kuliruhusiwa mara moja tu katika maisha. Mrejeaji alipokewa langoni, akapelekwa mbele ya Ukuta wa Sura, ambako kila mwenyeji alikuwa ametundika picha yake, akaulizwa swali moja: wako ni yupi? Akatembea mbele ya picha. Alipogusa mojawapo, mwenye picha aliitwa kutoka kwenye mabenchi, akasimama kando yake, na Mlinganishi wa mji akalinganisha picha na mtu, mtu na picha. Vikilingana, muhuri, karibu nyumbani. Visipolingana, au mrejeaji asipogusa picha yoyote, alirudishwa chini kwenye ukungu, na huko hakuna safari ya pili.

Utasema: si wangemwambia tu, huyu hapa ndiye baba yako? Wewe nawe. Ndivyo walivyofanya zamani, na wenye mashamba wakajichagulia watoto wenye migongo mipana. Tangu hapo midomo ya wenyeji ilipigwa marufuku langoni mpaka muhuri ugongwe. Kilichosema ni picha.

Sasa, katika Ukuta wote ule, fremu moja ilikuwa tupu. Umeshajua ya nani.

*

Mji ule ulikuwa na Alhamisi mbili kwa wiki, ya kwanza ya soko, ya pili ya lango. Jumanne ilikuja ikipenda. Basi Jumanne moja iliyopenda kuja, tangazo likabandikwa langoni: Anarudi mmoja. Wa kike. Aliondoka na miaka mitano, mwaka wa nzige. Alhamisi ya pili, wiki mbili kutoka leo.

Mwaka wa nzige aliondoka mtoto mmoja tu wa miaka mitano. Aliitwa Mwanamvua. Mama yake alimshika mkono wakateremka kwenda kwa wajomba ng'ambo, kwa muda tu, mpaka nzige wapite. Nzige walipita. Miaka kumi na tisa ikapita nyuma yao, nayo ilikula zaidi.

Mwinjuma alilisoma tangazo mara tatu, kama mtu anayetafuta kosa la herufi ili apate pa kupumzikia. Kisha akarudi bandani, akakaa mbele ya ubao mweupe, akauinamia.

"Leo unachora au unaswali?" aliuliza Bi Siwema kutoka nyuma yake. Meza yake ilikuwa nyuma ya kiti cha Mwinjuma tangu zama za zama. Yeye alikaanga akitazama barabara, na kati yake na barabara alikuwapo Mwinjuma. "Maana umeinama hapo tangu chuma cha kwanza cha vitumbua."

"Najichora."

Bi Siwema akageuza kitumbua. "Haya, tushukuru. Basi ukijichora ujichoree na shati jingine, hilo limekwisha."

"Bi Siwema, mwanangu anarudi."

Kijiti cha kugeuzia kikasimama hewani. Mafuta yakaendelea kuongea peke yake.

"Najua," akasema mama yule, taratibu sasa. "Mji mzima umesoma. Tulikuwa tunangoja wewe usome."

*

Usidhani fremu ilikaa tupu kwa uvivu. Alijaribu. Kila mwaka masika yalipoanza alikaa akajaribu, na kila mwaka alisimama akaosha brashi.

Kumchora mtu mwingine ni kubisha hodi: yuko ndani, unagonga, anaitika, unaingia na adabu zako. Kujichora ni kubisha hodi kwenye nyumba yako mwenyewe, wewe uko nje, halafu unangoja mtu aitike kutoka ndani. Akiitika, ogopa. Asipoitika, ogopa zaidi. Mwinjuma aligonga miaka kumi na tisa. Kuna siku alisikia mtu anakohoa kule ndani, akakimbia.

Kisha kulikuwa na swali lile lililomwamsha akiwa tayari yuko macho. Mimi ni yupi? Aliyeachwa, au anayengoja? Maana hawa ni watu wawili na hawapatani. Aliyeachwa ana miaka thelathini na tano, ana meno yote, anacheka ovyo. Anayengoja ana mvi na anacheka kwa ratiba. Nikimtundika anayengoja, Mlinganishi atafurahi, picha na mtu ni kitu kimoja; lakini mtoto atapita mbele ya mzee asiyemjua, atampa shikamoo ya njiani na kuendelea. Nikimtundika aliyeachwa, huenda mtoto akashtuka, akanyoosha mkono, akagusa. Ndipo nitaitwa, nitasimama kando ya kijana yule, na mji mzima utaona kwamba sisi si mtu mmoja. Atarudishwa chini kwa sababu nilizeeka. Kosa gani hilo? Nani hazeeki akingoja?

Hayo ndiyo aliyojiuliza, na wala hakuwa mwanafalsafa. Alikuwa mtu wa kuchora mabango ya saluni ambaye maisha yalimkosea adabu.

Alianza na anayengoja, kwa kuwa ndiye aliyekuwepo. Alichukua kioo cha pochi cha Bi Siwema, kile cha kuchelewa siku mbili, akakitazama. Mle ndani alimkuta mtu wa juzi. Uso ule ulikuwa haujasoma tangazo. Ulikuwa umetulia, jamani, umetulia kama maji ya mtungi, na Mwinjuma aliuonea wivu. Akaacha kioo, akafumba macho, akajipapasa kwa vidole vya mkono wa kushoto huku wa kulia ukichora: hapa mfupa, hapa shimo, hapa pamelegea. Kwa siku tatu alijipapasa hivyo, na wapita njia walidhani anaumwa jino.

*

Bwana Kinyogoli, Mlinganishi wa mji, alikuja kuikagua picha kabla ya kutundikwa, ndivyo taratibu zilivyotaka. Alikuwa mtu mfupi, mwenye kamba ya mafundo shingoni na muhuri kwenye mfuko wa koti, na hakuwa mbaya. Hilo ndilo lililotisha. Watu wabaya unaweza kuwachukia ukapumzika. Bwana Kinyogoli alikuwa sahihi tu.

"Kazi nzuri, Mwinjuma. Huyu ni nani?"

"Mimi."

"Wewe?" Akatoa kamba, akapima picha kutoka juu hadi chini, midomo ikihesabu mafundo. "Sikio hili ni la Ngwale mwoka mikate. Nimelilinganisha mwenyewe, mwaka jana na mwaka juzi. Nyusi ni za Mwalimu Mbaruku. Na mdomo huu, samahani lakini, ni wa mjane wa mwenye mashine, na tunajua wote kuna mtu ng'ambo anaungoja."

"Bwana Kinyogoli, si unaniona mimi hapa? Nilinganishe na mimi."

"Nakuona. Unafanana na picha, sikatai. Lakini picha hii inafanana na watu wanane wengine pale Ukutani, nao walitangulia. Mrejeaji akigusa sikio la Ngwale kwenye uso wako, nimwite nani? Umeokota kwa watu, bwana. Jichore upya."

Saa hiyo ndipo Mwinjuma alipoelewa, na alichokielewa hakikuwa cha kusemwa mbele ya muhuri.

Hakuwa ameokota. Alikuwa amegawa.

Ngwale hakuwahi kutulia kitini. Kila dakika alikimbia kutazama tanuri. Mwalimu Mbaruku alisinzia akainamisha kichwa. Mjane alilia, na mtu anayelia si adabu kumkazia macho mdomoni. Na mkono wa mchoraji hauachi nafasi tupu. Mteja akikimbia, akisinzia, akilia, mkono unajaza kwa kile unachokijua gizani, na mkono wa Mwinjuma ulijua sikio moja tu, jozi moja ya nyusi, mdomo mmoja. Miaka kumi na tisa mkono ule umemtoa kidogo kidogo, kama mama anayegawa chakula akajisahau, na sasa sufuria limebaki na alama ya mwiko. Na wateja? Walizipenda picha! Ngwale aliwahi kusema, "Umenipata kabisa, hasa hili sikio."

Angeweza kusema. Bwana Kinyogoli, sikio ni langu, mdomo ni wangu, nirudishie. Lakini neno hilo moja lingeangusha Ukuta mzima. Picha ya Ngwale ingekuwa batili, na Ngwale ana kaka ng'ambo. Picha ya mjane ingekuwa batili, na mjane ana kijana. Wangapi wangepanda kutoka kwenye ukungu wakakuta kuta tupu?

"Kweli," akasema Mwinjuma. "Nimeokota kwa watu."

"Si umeona?" Bwana Kinyogoli akamgusa bega kwa upole. "Una siku kumi na moja."

*

Basi akamwendea aliyeachwa.

Kioo kikubwa cha Mkude kinyozi kilichelewa miaka kumi na tisa na siku kadhaa. Mkude aliwanyoa watu kwa kupapasa. Kioo alikiweka kwa ajili ya wateja wenye upara, waje watazame nywele zao wapate kulipa kwa furaha. Mwinjuma aliingia na ubao wake, akasimama nyuma ya viti, akatazama.

Alikuwepo. Kijana wa shati la mistari, anakuja moja kwa moja, anacheka na mtu asiyeonekana. Na juu ya kifua chake ilining'inia miguu miwili midogo.

Miguu mitupu, tope hadi vifundoni, goti moja lina kidonda kilichokauka. Mikono ya kijana imevishika vifundo vile. Mapaja yalipanda, yakapanda, na pale ambapo yangefika kwenye gauni, kioo kiliishia. Ukingo wa juu wa mbao ulimkata mtoto juu ya magoti.

Mwinjuma akachuchumaa ili aone juu zaidi. Aliye kiooni hakuchuchumaa; kwa nini achuchumae, yeye miaka kumi na tisa iliyopita hakuwa na shida yoyote. Akapanda kiti. Kioo kikabaki vilevile.

"Kaka," Mkude akasema, wembe mkononi, "unanyoa?"

"Nangoja."

"Unangoja nini?"

"Miguu."

Mkude akawatazama wateja waliokaa. "Haya. Kuna wawili mbele yako, ila wao wanangoja vichwa."

Wakacheka. Mwinjuma naye akacheka, maana ilichekesha, na huku akicheka macho yake hayakutoka kwenye kidonda kile cha gotini. Alikikumbuka. Mtoto alianguka kwenye ngazi za mashine akitafuta bawa la nzige. Alilia kidogo, akauliza kama nzige nao huanguka.

Alirudi kesho yake, na kesho yake. Alimchora yule kijana kwa utulivu, na kijana alichoreka. Sura yake haikufanana na ya mtu yeyote Ukutani, kwa sababu ilikuwa haijaanza kugawiwa. Lakini ukweli, na wewe unaujua, hakwenda kwa ajili ya kijana. Alikwenda kutazama miguu. Alijua siku ya tope na siku ya vumbi. Alijua vidole vinavyojikunja mtoto anapoonyeshwa kitu cha ajabu, na alibaki akijiuliza ni kitu gani kilikuwa pale mbele yao, maana yeye kijana alicheka tu, hakikumshangaza. Ungepewa macho yako ya zamani kwa dakika moja, ungetazama nini? Mwinjuma angetazama juu.

Siku ya tisa, miguu haikuwepo.

Kijana alikuja kama kawaida kwenye kioo. Mikono yake ilikuwa imeinuka kifuani, imekunjwa nusu, imeshika vifundo ambavyo havikuwepo. Alitembea hivyo hatua nne, tano. Kisha akajiona. Akaishusha mikono, na hakujua pa kuiweka.

"Mkude," akasema Mwinjuma, "nifunikie hicho kioo."

Mkude akavua shuka kwenye shingo ya mteja, nywele zikamwagika, akakifunika kioo bila mzaha wowote.

*

Alikwenda hadi bandani, akaiweka picha ya kijana juu ya meza, akaitazama akitaka kuichukia. Ilikuwa nzuri. Uso wa miaka thelathini na tano, kamili, haujakopwa na mtu.

Na nani alikuwa akiutazama?

Swali lilikuja dogo hivyo, kama mtu aliyekosea mlango. Uso ule, nani alikuwa akiutazama mchana kutwa? Wapita njia. Wateja. Mbuzi. Mwenye miguu alikuwa juu! Mwanamvua aliuona uso wa baba asubuhi na jioni kama watoto wote wanavyouona, ukimwambia kula, ukimwambia lala. Lakini dunia yenyewe, soko, mashine, nzige, Bonde na ukungu wake, vyote alivitazama kutoka mabegani, na mbele ya kila kitu alichowahi kukishangaa palikuwa na kichwa cha mtu, kwa nyuma. Kama ukungu ulimla baba, labda ulikula alichoambiwa ni baba. Nani angeujulisha ukungu kwamba kisogo nacho ni mtu?

Akacheka peke yake. Kisha akakumbuka shida: mtu akiishi miaka hamsini hajawahi kukiona kisogo chake. Na katika mji ule huwezi kupanga vioo viwili, ucheleweshaji unajumlishwa, unaweza kuishia tumboni mwa mama yako.

"Bi Siwema. Nina ombi, na usicheke."

"Nimeshacheka. Sema."

"Kisogo changu kikoje?"

Safari hii Bi Siwema hakucheka. Alipakua vitumbua vya mwisho, akaondoa chuma motoni, jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwona akilifanya kabla ya saa tano.

"Nikae wapi?"

"Hapohapo ulipo. Mimi nageukia ubao."

"Mbona hiyo ndiyo kazi yetu ya siku zote," akasema, akajifuta mikono. "Haya, andika. Nywele zako upande wa kushoto zinakwenda kinyume, kama nyasi alizolalia mbuzi. Hazikubali kuchanwa, ushauri wangu uache kuzichana. Chini yake kuna kovu, dogo, kama punje ya mchele."

"Kovu?"

"Hulijui? Basi una kovu. Mikunjo ya shingo ni mitatu. Ukikasirika inakuwa minne. Mvi zimeanzia chini zinapanda, hapo katikati bado pamegoma. Na ukifurahi masikio yanarudi nyuma kidogo. Umefurahi mara sita tangu nianze kuuza hapa."

"Umehesabu?"

"Biashara ilikuwa mbaya."

Mwinjuma akachora. Kwa mara ya kwanza maishani mwake mkono ulikutana na kitu usichokijua, ukakosa cha kujazia, ukatii. Aliuliza: hapa? Sauti ya nyuma ikasema: juu kidogo. Hapa? Hapo, lakini usipasifie. Alichora kwa kuambiwa, kama kipofu anayevushwa barabara, na kadiri alivyochora ndivyo alivyopata fununu kwamba kumbe muda wote alipokuwa akigonga mlango ule, kuna mtu alikuwa amekaa uani anamwona.

Uso huzeeka haraka, maana kila mtu anautumia. Kisogo hakuna anayekitumia. Mvi zilipanda, ndiyo, na mikunjo. Lakini nywele za mbuzi zilikuwa zilezile, kovu lilelile, likiwa kule nyuma limejikalia kimya kama jirani mwema.

"Imefanana?" akauliza mwishowe.

Bi Siwema akarudisha chuma motoni.

"Ifunike," akasema. "Nisije nikaisemesha."

*

"Uso uko wapi?" aliuliza Bwana Kinyogoli.

"Upande wa pili."

Mlinganishi akaigeuza picha kuangalia upande wa pili. Alikuwa mtu sahihi, nilikwambia. Akaiweka chini, akatoa kamba, akampima Mwinjuma kisogo, akaipima picha, akampima tena. Fundo kwa fundo. Akakuna kidevu.

"Inalingana kuliko zote nilizowahi kupima," akasema kwa huzuni. "Na sheria inasema picha ilingane na mtu, haisemi upande gani. Lakini inasema mtu alinganishwe kama alivyojitundika. Umejitundika kwa nyuma. Kwa hiyo tangu lango lifunguliwe mpaka nigonge muhuri, utakaa umegeuka. Ukitazama hata kwa pembe ya jicho, wewe si aliye kwenye picha, naye anarudi chini."

"Na kusema?"

"Kusema hata wenye nyuso hawasemi."

Mwinjuma alihesabu. "Sitamwona akiingia."

"Hutamwona akiingia." Bwana Kinyogoli akakunja kamba yake polepole sana. "Na akipita bila kugusa, ndugu yangu, hutamwona kabisa. Angalau ukitundika uso, utamwona akipita. Wengi wanaridhika na hilo. Mwenyewe nimewaona, wanakwenda nyumbani na hilo wanakula nalo miaka."

Hapo ndipo palipokuwa pagumu, na sitakuficha. Miaka kumi na tisa hakutamani kujulikana, alitamani kuona. Kuona tu. Kidonda kilipona vipi. Magoti yale yaliishia kwenye urefu gani. Sasa anaambiwa achague: umwone aondoke, au usimwone, labda abaki. Mtu aliyekula kwa macho maisha yake yote anaombwa afunge, tena kwenye siku ya karamu.

"Itundike," akasema.

*

Alhamisi ya pili ilikuja bila hiana. Wenyeji wakajaa kwenye mabenchi, na katikati yao mtu mmoja amekaa kinyume, magoti yameelekea uzio, anatazama mbao. Bi Siwema alikuja na shati jipya mapema, akamvisha, akamkunjia kola ndani ili isifunike kovu, akaenda kukaa.

Lango likalia. Mwinjuma akatazama mbao. Ubao wa uzio ule ulikuwa na jicho la mti, na katika jicho kulikuwa na sisimizi, na sisimizi yule alikuwa huru kugeuka.

Hatua zikaanza upande wa kushoto wa Ukuta. Viatu vya ngozi ngumu, mguu mmoja mzito kidogo. Mrefu, akawaza. Hatua ndefu. Huyu ni mtu mzima. Nilikuwa namngoja nani? Nilikuwa nangoja miguu. Hatua zikapita kwa Ngwale, zikachelewa kidogo, zikaendelea. Zikapita kwa Mwalimu. Zikachelewa kwa mjane, sana, mjane akasikika akivuta pumzi. Zikaendelea. Kila aliposita, Mwinjuma alijua amesita kwenye nini, na alitamani kupiga kelele kwamba si huyo, songa, mimi ni aliyebaki. Shingo yake ilimuuma kwa uzito wa kutogeuka. Hakika kichwa cha mtu ni kizito zaidi kuliko mawe yote kikielekezwa pasipostahili.

Hatua zikafika mwisho wa Ukuta. Zikanyamaza.

Haikuguswa picha, hakuna aliyetangaza. Kimya kikakaa, kikavua viatu, kikajinyoosha. Sisimizi akaingia kwenye jicho la mti. Mtu mmoja benchini akakohoa, akajuta. Mwinjuma akafumba macho, akaona tofauti haipo.

"Wa nane kutoka mwisho?" ilikuwa sauti ya Bwana Kinyogoli. "Hapana? Huyu? Umegusa? Gusa nione. Amegusa. Mwinjuma, njoo. Kinyumenyume."

Akasimama. Akaanza kurudi nyuma, hatua baada ya hatua, mikono imeachia, akipapasa ardhi kwa visigino, kati ya mabenchi ambayo watu walivuta miguu yao kumpisha, na hivyo ndivyo mchoraji Mwinjuma alivyomwendea binti yake: kwa kurudi nyuma, akimwona kila mtu wa mji ule isipokuwa yeye. Mji mzima ulikuwa mbele ya macho yake, unamtazama, unalia bila sauti kama sheria inavyotaka, na katika nyuso zao alizifuatilia habari za nyuma yake kama mtu anayesoma barua dhidi ya mwanga. Bi Siwema alikuwa ametazama juu. Kwa hiyo ni mrefu kweli.

"Simama."

Kamba ikapita shingoni mwake, baridi. Fundo, fundo, fundo. Kisha Bwana Kinyogoli akatafuta muhuri mfuko wa kulia, akakosa, akatafuta wa kushoto, akaupata, akaupulizia wino uliokauka, na Mungu anajua sijawahi kuona mtu sahihi akichelewa kiasi kile. Ukagongwa.

"Vimelingana," akasema, na sauti yake haikuwa sahihi hata kidogo. "Karibu nyumbani, mama. Mwinjuma, sasa unaweza kugeuka."

Alianza kugeuka. Bega lilishatangulia.

"Hapana, subiri," ikasema sauti nyuma yake, sauti ya mwanamke mzima, nzito, yenye lafudhi ya ng'ambo, sauti ambayo hakuwahi kuisikia popote duniani. Ilikuwa karibu sana. Aliihisi kwenye nywele. "Usigeuke kwanza, baba. Bado naangalia."

Mwinjuma akalirudisha bega mahali pake.